Mama Jumatatu na Ng'ombe Watatu Weupe

Sauti ya Mama Verdiane imemtangulia maisha yake yote. Alipokuwa binti, huko huko kwenye vilima vya juu ya Nyabiondo, mwalimu wa kwaya alimwomba kwa heshima zote aimbe akiwa amesimama nje ya kanisa, karibu na dirisha, ili na wenzake wapate kusikika. Hakununa hata kidogo. Alisimama nje akaimba, na waliochelewa misa walijua wimbo umefika wapi wakiwa bado ng'ambo ya bonde. Papa Hilaire, aliyekuja kumwoa baadaye, alimsikia kabla ya kumwona. Mpaka leo akitaniwa kwamba alioa kwa masikio, anajibu kwamba macho yake nayo yalifanya kazi yake vizuri tu, asanteni.

Kwa hiyo siku wakulima wa kilima chao walipotafuta mtu wa kutangaza habari za hali ya hewa, hawakuzunguka sana. Walitaka mtu mwenye simu ya kuingia WhatsApp, aliyesoma kidogo, na mwenye uwanja wazi usio na miti ya kukinga mvua. Verdiane alikuwa navyo vyote, na sauti wakaipata bure. Pamoja na hayo wakampa megafone, kipaza sauti cha mkononi, jambo ambalo majirani wa karibu hawajalisamehe.

Wakampa na chombo cha kupimia mvua, ambacho wenyewe wanakiita pluviometre. Ni bomba la plastiki linaloonyesha ndani, lina mistari na namba, nalo limefungwa juu ya nguzo iliyonyooka katikati ya uwanja. Kila asubuhi Verdiane anaangalia maji yamefika mstari gani, kisha anatuma habari kwenye grupe ya WhatsApp. Humo wamo wakulima wa Masisi pamoja na watu wa miti wa upande wa Walikale, wale wanaootesha miche na kungoja mvua nzuri ya kuihamishia. Mmoja wao ni Solange wa Mpofi. Yeye na Verdiane hawajawahi kuonana uso kwa uso, lakini kila mmoja anamjua jogoo wa mwenzake kwa kuwika, maana mazungumzo yao yote ni ya sauti, na jogoo hawajui kunyamaza mtu anaporekodi.

Kila juma, kutoka ofisi ya mjini, unafika utabiri wa siku zinazokuja. Hapo Verdiane anafunga kitenge chake vizuri, anapanda juu ya jiwe kubwa lililo karibu na soko, na anatangaza. Tuseme ukweli bila kumwonea: kazi hiyo ilimnogea kupita kiasi. Akiwa juu ya jiwe lile hata wauza mihogo walinyamaza, na hakuna mtu asiyependa kunyamaziwa na wauza mihogo.

Tatizo lilikuwa maneno ya utabiri wenyewe. Watu wa mjini waliandika kwa woga: kuna uwezekano, labda, katika baadhi ya sehemu. Verdiane aliyaona maneno hayo uchafu tu, akayachambua moja moja jinsi anavyochambua mawe kwenye maharagi. Mtu amesimama juani, mzigo uko kichwani, halafu umwambie labda? Labda hata mtoto mdogo anaijua! Basi msimu ule wa kupanda, ujumbe uliposema kwamba labda mvua ingeanza Jumatatu, yeye alipanda jiwe lake na kupiga kelele kilima kizima kisikie, "Mvua Jumatatu!"

Watu wakapanda maharagi Jumamosi. Jumatatu likatoka jua la kukausha mpaka kope za macho. Jumanne, jua. Kwa mbali, kilima cha pili kilinyeshewa, wakawa wanaiona ile mvua inavyowanyeshea wenzao, wamesimama na majembe yao. Mbegu zikakaa kwenye vumbi mpaka kuku wakazifukua, na wengi walipanda upya.

Tangu hapo jina lake la ubatizo lilipewa likizo. Aliitwa Mama Jumatatu sokoni, kisimani, na hata katika shirika, walipokuwa wakisali kutoka nyumba hadi nyumba. Yeye mwenyewe angelimeza, kwa sababu si mtu wa kuvunjika kwa utani. Lakini jina halikuishia kwake. Mume wake, mtu wa taratibu, anayekunja suruali yake ya misa kwa mistari, akawa Papa Jumatatu. Alipoitwa hivyo mara ya kwanza, mbele ya watu waliokuwa wakinywa kasiksi, pombe ya ndizi, alirudi nyumbani akaketi kwenye kiti chake na kutoa kiapo.

"Verdiane, sikiliza vizuri. Mimi sitakuuliza tena habari ya mvua. Hata nikuone umeshika mwavuli, sitauliza."

Na hakuuliza. Alitoka asubuhi akaangalia mawingu mwenyewe, akavuta pua, akaamua. Alikosea mara nyingi kuliko ofisi ya mjini, lakini alikosea kwa heshima yake mwenyewe. Hilo ndilo lililomuuma Verdiane kuliko vicheko vya soko zima. Alikuwa na megafone inayofika bondeni, na mtu aliyelala naye kitanda kimoja hataki kusikia. Alitamani kitu kimoja tu: siku moja Hilaire ageuze kichwa amuulize, kesho itakuwaje?

Hapa ndipo Papa Sebahire anapoingia, naye anaingia kwa maziwa.

Sebahire ni mfugaji. Ng'ombe wake wanalisha kwenye vilima vya juu, na watu wa kwao wana desturi zao kuhusu maziwa: ukiyapeleka kwa mtu, huyarudishi nyumbani, na huyaweki chini kama ndoo ya maji ya kuoshea. Mwana wake Gisubizo alikuwa amempenda Uwamahoro, binti wa Verdiane, na mzee akatelemka siku moja na bidoni ya maziwa kuja kufungua maneno. Akapiga hodi, hakuna mtu. Wote walikuwa shambani. Akazunguka uwanja, maziwa mkononi, aibu ya kurudi nayo tayari inampanda. Ndipo akaona katikati ya uwanja chombo safi, kimeinuliwa juu kwa adabu, kina mistari na namba sawa na kile cha mnunuzi wa maziwa anayempimia kila asubuhi. Sebahire akafurahi moyoni. Hawa ni watu wa maana, akasema, wamewawekea wageni kipimo cha maziwa mlangoni! Akamimina mpaka kikajaa, kilichobaki akakimaliza mwenyewe palepale, akarudi zake amenyooka.

Kesho yake asubuhi Verdiane alikuta mvua nyeupe. Alikizunguka chombo mara kadhaa, akachovya kidole, akalamba. Kisha, kwa kuwa hakujua la kufanya, alituma habari kwenye grupe kama kawaida. Jibu la Solange kutoka Mpofi lilikuwa kicheko kitupu, kirefu, na mwishoni sauti yenye machozi: "Mama Verdi, kama kwenu inanyesha maziwa, mimi nahama!"

Jioni Sebahire aliporudi kuuliza kama maziwa yake yamepokewa, fumbo likafumbuka. Uchumba ulianzia hapo, na ulianza vizuri, maana watu wakishacheka pamoja kazi nyingi imekwisha. Sebahire na Verdiane wakaanza kuitana bamwana, kama wazazi wa pande mbili wanavyoitana, na siku ya kutoa mahari ikapangwa: Jumamosi moja ya mwezi wa kwanza, maharagi yakiwa yamekomaa na mvua imeenda kupumzika.

Na hapo ndipo balaa ilipojificha. Kilima kizima kilialikwa. Akina mama walikuwa wanashonesha vitenge, ndizi za kasiksi zilikuwa zinaivishwa, Hilaire alikuwa anakunja na kukunjua suruali yake. Maharagi yalikuwa yamekauka shambani, yanangoja kung'olewa, na kila mtu akawa na jibu lilelile: tutang'oa baada ya sherehe. Mwezi wa kwanza mvua gani? Acha kwanza tule nyama.

Jumapili, siku chache kabla ya sherehe, simu ya Verdiane ikalia akiwa anamenya mihogo. Utabiri ulikuwa umefika: mvua kubwa isiyo ya msimu, kati ya Alhamisi na Jumapili, uwezekano saba kwa kumi. Akasoma tena. Nyuma yake ukaingia ujumbe wa Solange, na ndani ya ujumbe jogoo hakusikika, ilisikika mvua tu juu ya mabati. "Mama Verdi, huku Mpofi imeanza. Miche yangu ya miti iko inaogelea. Jiangalieni huko juu."

Verdiane akaketi juu ya maganda ya mihogo bila kuona. Maharagi yaliyokauka yakinyeshewa siku mbili tatu yakiwa shambani, yanaota ndani ya maganda yake, yanaoza, na hapo kilima kinaingia mwaka bila chakula na bila mbegu. Kinachowazuia watu kuyang'oa ni sherehe. Na sherehe ni ya binti yake. Aliona wazi kwamba hata akitangaza mpaka megafone ipasuke, hakuna mtu atakayeacha kushonesha kitenge kwa neno la Mama Jumatatu. Kitu kimoja tu kingewaondoa: sherehe yenyewe isogezwe mbele.

"Mama, usiseme ile neno," akasema Uwamahoro, aliyekuwa amemwona uso. "Usiseme tusogeze."

"Juma moja tu, mwanangu."

"Juma moja! Mama, unajua watu watasema nini? Familia ya binti ikisogeza mahari, ni kwamba kuna bwana mwingine amekuja na ngombe zenye kunona zaidi. Watasema iko mwingine! Na Papa Sebahire naye atasema iko mwingine! Mimi na Gisubizo tumengoja tangu miaka!"

Hilaire, kwenye kiti chake, hakugeuka. "Mwezi wa kwanza hakuna mvua," akauambia ukuta. "Nimeangalia mawingu mwenyewe."

Verdiane alikesha, hana mtu wa kumlalamikia. Akisogeza na mvua isinyeshe, binti yake anaweza kukosa mume, na jina la Jumatatu litaingia mpaka kwenye kaburi lake. Akinyamaza na mvua inyeshe, watu watakula nyama Jumamosi na njaa kuanzia mwezi wa tatu, naye atakuwa alijua. Kulipokucha alimtuma mtu wa pikipiki amwite Sebahire, amwambie ni habari ya kusogeza mahari.

Mzee alifika na fimbo yake, na kwa mara ya kwanza bila maziwa. Hakuketi.

"Bamwana," akasema, "nimesikia njiani. Sema tu mwenyewe. Yule bwana mwingine ni nani?"

"Papa Sebahire, hakuna bwana mwingine. Ni mvua."

"Mvua! Mvua inataka kuoa Uwamahoro?"

"Ketini kwanza, Papa."

"Sitaketi. Mwaka uliopita ulisema Jumatatu. Shemeji yangu alipanda mbegu zake zote. Leo unataka nirudishe ngombe juu ya neno lako? Hiyo mvua yako itanyesha, ndiyo ao hapana?"

Verdiane akafungua mdomo kusema ndiyo. Neno lilikuwa limefika kwenye ulimi, kubwa na tamu, la kutangazwa juu ya jiwe. Akaliona lile neno, akalikumbuka, akalimeza. Hakuna aliyejua ilimgharimu nini, maana kwa mwanamke yule kumeza neno ni kazi kuliko kulima.

"Sijui," akasema.

"Hujui!"

"Papa Sebahire, tuseme jioni unafungua zizi. Ndani kuna ngombe kumi. Saba ni nyekundu, tatu ni nyeupe. Giza imeingia, huoni kitu. Ngombe moja inatoka mlangoni. Utasema ni rangi gani?"

Sebahire alimwangalia kwa mashaka. Lakini ng'ombe ni ng'ombe, na mfugaji hawezi kuulizwa juu ya ng'ombe akakaa kimya.

"Nyekundu," akasema. "Lakini nyeupe inaweza kutoka pia. Ziko tatu."

"Njo vile, kweli kabisa. Watu wa mjini wanasema nyekundu saba, nyeupe tatu. Nyekundu ni mvua. Mwaka uliopita nilificha nyeupe ndani ya nyumba, nikaambia watu hakuna nyeupe. Leo nakuonyesha zote."

Mzee akaketi. Akaiweka fimbo magotini, akawa anawahesabu ng'ombe wale kumi kana kwamba ni wake.

"Na ikitoka nyeupe?"

"Basi watu watakuwa na maharagi makavu ndani ya nyumba, na mimi watanicheka. Nimezoea kuchekwa. Lakini ikitoka nyekundu na maharagi yako shambani..."

"Eeh," akasema Sebahire. "Eeh, bamwana." Akainuka. "Nitasogeza. Lakini kwa sharti moja. Utasema mwenyewe, na ile chombo yako ya kelele, mbele ya watu wote, kwamba ni mvua inasogeza mahari, haiko bwana mwingine. Na useme na zile nyeupe. Usizifiche tena."

Sasa soko la Nyabiondo lilikuwa siku gani? Ndiyo, Jumatatu hiyohiyo. Verdiane alipopanda jiwe lake watu walianza kucheka kabla hajaigusa megafone. "Mama Jumatatu, leo ni sikukuu yako!" Akawaacha wamalize. Kisha akatangaza kwamba mahari ya binti yake inasogezwa juma moja, kwamba hakuna bwana mwingine, hata mmoja, hata kama watamtafuta chini ya kitanda, na kwamba labda mvua kubwa inakuja. Labda, akarudia, na neno lile likasikika mpaka ng'ambo ya bonde. Akaeleza ng'ombe saba wekundu na watatu weupe. Akasema tena, yeye haahidi kitu, ila maharagi yake mwenyewe anayang'oa kesho asubuhi.

Watu hawakushtushwa na ng'ombe wala na labda. Kilichowashtua ni mahari. Mama anaweza kucheza na jina lake, lakini hachezi na ndoa ya binti yake. Sebahire mwenyewe alikuwa amesimama kando ya jiwe, mikono juu ya fimbo, anatikisa kichwa kukubali. Kama yule mzee amekubali, basi hapo kuna kitu! Kesho yake vilima vilijaa watu. Waling'oa, wakabeba, wakatundika maharagi kwenye mapaa, wakajaza jikoni, wakajaza vyumba vya wageni, wengine wakalala na mafungu miguuni. Kitu pekee kilichobaki shambani ni kipande cha chini karibu na kijito, shamba la Papa Hilaire. Alikuwa ameangalia mawingu mwenyewe.

Alhamisi likatoka jua.

Si jua la kawaida, hapana, jua la kiburi, anga nzima imepanguswa. Ijumaa vilevile. Vicheko vikaanza polepole, kisha vikapata miguu. Mtu akauliza kwa sauti kama Mama Jumatatu sasa ataitwa Mama Alhamisi. Mwingine akasema amemwona bwana wa pili wa Uwamahoro, anaendesha gari. Verdiane alikuja kuteka maji akasikia yote, akajitwisha ndoo yake, akaondoka. Lakini Sebahire, aliyekuwa ametelemka kuuza maziwa, alisimama palepale na kuwakatiza.

"Nyinyi, hamukusikia? Mama alisema nyeupe ziko tatu. Zile ngombe hamukuziona? Na mulango bado haujafungwa, leo ni Ijumaa!" Akageuka akaenda zake. Watu wakaangaliana, maana hakuna aliyewahi kumsikia Sebahire akimtetea mtu asiye na pembe.

Jumamosi, siku ambayo ingekuwa ya mahari, asubuhi ilikuwa nzuri mpaka ikauma. Uwamahoro alikiangalia kitenge chake kipya kilichotundikwa msumarini, akaingia jikoni kulia kimyakimya kati ya mafungu ya maharagi. Verdiane alimsikia. Alikwenda uwanjani akaangalia chombo chake. Kikavu. Akakipangusa kwa ncha ya kitenge ingawa hakikuwa na kitu.

"Saa hizi," akasema Hilaire akipita nyuma yake, "tungekuwa tunakula nyama." Akaelekea mlangoni, ameridhika, akavaa viatu vyake vizuri kwenda kuwaonyesha watu shamba lake ambalo halijang'olewa.

Hakupata nafasi ya kumwonyesha mtu. Baada ya saa sita upepo uligeuka, ukaja wa baridi, unatoka upande wa msitu. Simu ikalia: Solange, "Mama Verdi, imetoka kwetu, iko njiani!" Kabla ujumbe haujakwisha, bonde la chini lilipotea. Kisha likaja tone moja juu ya mabati, tone la pili, na baada ya hapo hakuna aliyehesabu. Ilinyesha mvua ya kumwaga, mvua iliyogeuza njia za miguu kuwa vijito na kuzilaza migomba. Kutoka nyumba hadi nyumba, katikati ya ngurumo, watu walianza kupiga vigelegele, kwa sababu kila mmoja alikuwa amejibana ndani na maharagi makavu juu ya kichwa chake. Uwamahoro akatoka jikoni, machozi bado mashavuni, akamkumbatia mama yake akicheka. "Nyekundu, Mama! Imetoka nyekundu!"

Verdiane alicheka naye. Kisha akaangalia kiti cha Hilaire. Bado kitupu.

Alimwona kupitia dirishani, ndani ya mvua, huko chini kabisa karibu na kijito: mtu mmoja, suruali yenye mistari, anang'oa maharagi kwa mikono miwili. Anang'oa, anayakumbatia, anateleza, anaanguka, anayaokota. Angeweza kumcheka. Badala yake alichukua kitenge cha kazi akajifunga, akatoka, akashuka kule chini. Wakang'oa pamoja. Walibeba walichoweza, na vingine wakaviachia maji.

Waliporudi, yeye alitangulia kuingia. Hilaire akasimama mlangoni, anachuruzika, kiatu kimoja kimebaki kijitoni. Verdiane alishindwa. Mtu ana mipaka yake. Akaichukua megafone kutoka msumarini, na akiwa hatua mbili tu kutoka kwa mume wake akatangaza, "Papa Hilaire, mkaaji wa Nyabiondo, unaombwa kuvua kiatu mulangoni. Kiatu. Aksanti."

Uwamahoro akaanguka juu ya maharagi kwa kicheko. Huko nyuma ya mvua, nyumba ya jirani nayo ikapasuka kwa kicheko, maana walikuwa wamesikia kila neno. Hilaire alisimama, midomo imekazwa, anapambana na uso wake. Akashindwa naye. Alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango, kisha akavua kile kiatu, akaketi kwenye kiti chake, kikalowana, na Verdiane akamletea chai na taulo.

Walikaa wakiisikiliza mvua. Nje, pluviometre ilikuwa imejaa mpaka inafurika. Hilaire alikunywa chai yake, akaweka kikombe chini, akapangusa masikio kwa taulo, moja, kisha la pili, taratibu, kama mtu anayesafisha njia.

"Verdiane," akasema bila kumwangalia. "Na kesho?"

Mkono wa Verdiane ulikuwa bado uko juu ya megafone. Akauondoa. Kisha akamjibu polepole, kwa sauti ambayo hata jirani hakuisikia.

"Labda itanyesha," akasema. "Labda hapana. Nyekundu zimebaki nyingi."

"Basi," akasema Hilaire, "kesho nitavaa bote za mvua."